Mama Nakingine na Kadi ya Arobaini na Moja

Ijumaa ya wiki hii, tarehe 28, saa tisa na nusu alasiri, karani wa mapokezi na kumbukumbu wa zahanati ya chuo chetu atafunga dirisha lake kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na tatu na miezi minne ya utumishi, yote katika zahanati hii moja na karibu yote katika dirisha hilo hilo, ukiacha wiki sita za mwaka ule dari ilipoanguka na mapokezi yakahamia kwenye korido. Wafanyakazi tunamwita Mama. Wanafunzi wanamwita Mama Nakingine, na wengi wao wanamaliza chuo wakidhani ndilo jina aliloandikishiwa kazini.

Wasifu huu ungefaa kuandikwa na mtu aliyefanya naye kazi miaka mingi. Lakini hizi ni wiki za mitihani, foleni inafika hadi mlango wa nje, na kila aliyeombwa aliandika mstari mmoja akaitwa wodini. Daktari mkuu akapita mapokezi na karatasi mkononi, akaniona. "Wewe una mwandiko mzuri," akasema, "na bado una nguvu." Mimi ni mwanagenzi wa chumba cha kumbukumbu. Nilimaliza sekondari mwaka jana, nasubiri kuanza chuo, na nimekaa na Mama miezi minne tu. Naomba radhi kwa wanaomjua zaidi yangu. Nitajitaja pale inapobidi tu, na kwa bahati mbaya kuna mahali itabidi.

Mama aliajiriwa kama mpiga chapa, akiwa na miaka ishirini na sita. Zahanati wakati huo ilikuwa vyumba viwili nyuma ya maktaba, kimoja cha daktari na kingine cha mambo mengine yote. Karani wa kadi alipokwenda likizo ya uzazi, Mama aliombwa ashike kadi kwa muda. Yule karani alijifungua mapacha, hakurudi tena. Muda huo ndio unaoisha Ijumaa.

Alizikuta kadi zimepangwa kwa jina la kwanza. Kwa hiyo akija mwanafunzi mwenye jina la kawaida, daktari aliletewa rundo la kadi arobaini achague mwenyewe aliye mbele yake ni nani kati ya hao. Mama alitumia likizo zake tatu za kwanza kuzipanga upya kwa mwaka na namba ya usajili. Pia aliongeza kitu ambacho hakuna aliyemwagiza: juu ya kila kadi aliandika bweni na namba ya chumba. Miaka michache baadaye wanafunzi walianza kuja wakishika matumbo, kumi, kisha ishirini kwa siku. Daktari wa wakati huo alilaumu chakula cha bwalo. Mama alizitandaza kadi zao mezani, akaona kwamba wote wanalala bweni moja, ghorofa ya chini. Tangi la maji la upande ule likafunguliwa, ndani mkakutwa ndege aliyekufa siku nyingi. Daktari alipewa barua ya pongezi. Mama alipewa muhuri mpya, anao hadi leo.

Kumbukumbu yake inajulikana. Msimu wa mitihani huleta magonjwa ya kila namna, na wapo wanaokuja kutafuta cheti cha kuahirishiwa mtihani kuliko dawa. Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa pembeni yake kijana mmoja alipofika dirishani ameshika koo, sauti haitoki vizuri. Akanong'ona kwamba ni mafindofindo, yamevimba, hawezi hata kumeza mate. Mama hakuinua macho.

"Mafindofindo yako, mwanangu, yamekuwa majani? Maana mwaka wa kwanza tulikupeleka yakakatwa."

Foleni nzima ilicheka. Kijana naye akacheka, kwa sauti nzima kabisa, ndipo akakumbuka koo lake. Mama akamwambia, "Na kingine?" Yule kijana akatazama nyuma, akainama karibu na tundu la dirisha, akasema jambo ambalo mimi sikulisikia. Mama alimpa kadi yake na kumwelekeza chumba namba nne, kwa mshauri wa wanafunzi. Hakupata cheti siku hiyo, ila naambiwa aliongea kwa saa nzima.

Hilo neno ndilo lililompa jina. Mwanafunzi akifika, Mama huuliza anaumwa nini. Akijibu, mathalani, "Kichwa," Mama huandika kichwa, kisha huuliza, "Na kingine?" Wengi husema hakuna. Basi Mama huchukua penseli na kichongeo, akaanza kuchonga, taratibu, kana kwamba foleni haipo. Hamhimizi mtu wala hamkazii macho. Nimeona penseli mpya ikipungua nusu kwa wiki. Na katikati ya kuchonga ndipo mtu anasema, "Na sijala tangu jana," au, "Na baba ameacha kupokea simu zangu," au, "Na sina tena pa kulala." Binti mmoja wa ukunga alisema, "Na ninaogopa damu, na nimebakiza mwaka mmoja." Mama alimwandikia namba ya chumba cha Sista, akamwambia, "Nenda kamwone yule. Alizimia mara tatu akiwa mwanafunzi, mwulize mwenyewe atakusimulia, tena kwa majivuno."

Sista huyo ni muuguzi wa chumba cha sindano. Namtaja hapa kwa sababu atarudi mbele, na kwa sababu ana sifa ambayo chuo kizima kinaijua: mkono wake mwepesi. Wanafunzi wako tayari kusubiri saa mbili wachomwe na yeye kuliko kuchomwa na mwingine papo hapo.

Sasa naeleza habari ya nukta, ambayo ndiyo kazi kubwa ya Mama, ingawa haimo katika ripoti yoyote ya zahanati.

Katika miaka yake ya mwanzo alikuja mwanafunzi wa uhandisi, mpole, akasema kichwa kinamuuma. Akapewa dawa. Baada ya wiki mbili akarudi, kichwa. Baada ya wiki tatu akarudi tena, kichwa. Mama aliandika neno hilo mara tatu, moja chini ya jingine, kwa wino ule ule, na hakuuliza zaidi, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na yeye alikuwa amechoka. Muhula uliofuata mjomba wa yule kijana alikuja na sanduku tupu kukusanya vitu vyake bwenini. Alipita zahanati kuuliza kama kuna deni la dawa. Mama alimwambia hakuna, akataka kuuliza kijana yuko wapi, hakuuliza. Mjomba akaondoka. Mpaka leo Mama hajui kilichompata kijana yule. Kadi ile anayo kwenye droo yake, na Ijumaa ataondoka nayo kwa ruhusa ya daktari mkuu.

Tangu hapo, mtu akija mara tatu na shida ile ile, Mama huweka nukta moja ya penseli kwenye pembe ya juu ya kadi yake, kulia. Kadi zimesimama kwenye trei zake, kwa hiyo pembe hizo zinaonekana bila kutoa kadi. Kila Ijumaa mchana hupitisha kidole gumba juu ya trei zote, kama mtu anayefunua kurasa za kitabu kwa haraka, huku akihesabu nukta. Hana orodha. Anasema orodha husomwa na wasiohusika, lakini nukta haimsemi mtu. Kisha, kila apatapo nafasi, humtumia mmoja wao kikaratasi: "Fika zahanati uhakiki namba ya kadi yako." Hakuna namba inayohakikiwa. Mwanafunzi anakuja, anakalishwa, anaulizwa na kingine. Akishasikilizwa, nukta inafutwa.

Hapa ndipo itabidi nijitaje.

Mwezi huu zahanati inahamia kwenye kompyuta, na kadi zote zinapigwa picha na mashine. Fundi wa kompyuta alinieleza kazi yangu vizuri: nitoe pini, nitoe vibanio, ninyooshe mikunjo, nifute alama zote za penseli kwa sababu mashine inazihesabu kama uchafu. Alinipa kifutio kipya, cheupe. Mama alikuwa amepewa siku tatu akamilishe karatasi za kustaafu huko utawala. Nilifanya kazi kwa bidii. Nilitaka akirudi akute trei zote safi. Kadi elfu mbili na mia sita, na sikuiacha hata moja, pamoja na trei ndogo ya wafanyakazi iliyoko chini kabisa.

Mama alirudi Ijumaa mchana, wiki mbili kabla ya siku yake ya kustaafu. Akavua koti, akapitisha kidole gumba kwenye trei ya kwanza. Akapitisha tena. Akaenda ya pili, ya tatu.

"Hapa kulikuwa na nukta," alisema.

Nikamwambia, kwa furaha, kwamba nimezifuta zote.

Sitasahau alivyokaa. Alikaa kama mtu aliyeshusha mzigo mahali pasipo pake. Akachukua penseli akaanza kuchonga, na mimi nikaanza kulia kabla hajafika kwenye risasi. Fundi wa kompyuta alitoka chumba cha pili kuuliza kuna nini. Alipoelezwa akasema, "Mama, mngeniambia, mashine ningeipangia isizione." Mama akamjibu, "Baba, miaka thelathini hakuna aliyeniuliza. Nawe ulipokuja, ulimwagiza mtoto." Kisha akanigeukia. "Nyamaza. Ijumaa iliyopita zilikuwa arobaini na moja. Nina wiki mbili. Tutawarudisha."

Jumatatu tulianza. Mama alifumba macho akawa anawataja mmoja mmoja, wala si kwa majina. "Yule mrefu wa sheria mwenye mafua ya kudumu. Yule wa kilimo, kucha nyeusi, tumbo. Dada wa hesabu anayekuja na mwenzake, ila anayeumwa ni mwenzake." Mimi nilitafuta kadi, nikazileta, yeye akaweka nukta upya. Kati ya mtu na mtu alihudumia dirisha, kwa kuwa wagonjwa hawakupungua. Hadi jioni tulikuwa na ishirini na wawili. Jumanne mchana thelathini na watano. Jumanne saa kumi na moja, mfagizi akiwa ameshapiga deki hadi kwenye miguu yetu, alimtaja wa arobaini, kijana wa muziki mwenye vidonda vya mdomo. Halafu akafumba macho tena.

Wa arobaini na moja hakuja.

Alimtafuta Jumatano nzima. Alimtafuta usoni mwa kila aliyesimama dirishani. Mara mbili aliinuka katikati ya kazi akaenda kusimama uani, walikoketi wanaosubiri majibu ya maabara, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akarudi. "Namjua," alisema. "Siweki nukta kwa mtu nisiyemjua. Ameingia juzi juzi, maana kabla ya hapo zilikuwa arobaini. Mbona hanijii?" Daktari mkuu alimwambia, kwa wema, kwamba arobaini kati ya arobaini na mmoja ni maksi nzuri hata kwenye mtihani wa chuo. Mama alimwambia, "Daktari, yule wa uhandisi naye alikuwa mmoja tu." Daktari hakutania tena.

Mimi nikakumbuka kwamba Mama hukandamiza penseli. Nukta zake huacha shimo dogo kwenye kadi, unaweza kulihisi kwa ncha ya kidole hata penseli ikifutwa. Basi tukaanza upya, kadi elfu mbili na mia sita, pembe moja baada ya nyingine, macho yamefumbwa. Fundi wa kompyuta alijiunga nasi saa za chakula, bila kuombwa. Kulikuwa na mashimo mengi, ya miaka yote, ya watu waliokwisha kusikilizwa na kuondoka zao. Mama alishika kila moja, akasema, "Huyu alipona," au, "Huyu alihama," au, "Huyu sasa ni mwalimu hapa hapa." Vidole vyangu vilikufa ganzi. Ilifika Jumatatu ya wiki hii, tumemaliza trei zote, hatujampata. Mama alikuwa ameshika kiuno kwa mkono mmoja, kama ambavyo amekuwa akishika tangu nije hapa, na mimi nilikuwa nimezoea kuona hivyo, nikidhani ndivyo anavyosimama.

Jumanne asubuhi Sista alirudi. Alikuwa kwenye mabweni ya nje siku kumi, akichanja wanafunzi. Alitukuta tumekaa sakafuni katikati ya trei, kama watu waliohamishwa nyumba.

"Mnatafuta nini nyie, sindano?"

Nikamweleza: nukta, kifutio, na wa arobaini na moja ambaye Mama hamkumbuki. Nilivyokuwa nikieleza, uso wake ulibadilika. Alipiga magoti kwenye trei ya chini, ile ya wafanyakazi, ambayo tulikuwa tumeipapasa kama nyingine na kuona haina kitu kipya. Akatoa kadi moja, akaiweka juu ya meza mbele ya Mama.

Ilikuwa kadi ya Mama.

"Nukta ya hii niliiweka mimi," Sista alisema. "Nilijua maana ya nukta zako tangu mwaka wa kwanza wa kazi, nilikuwa sijui tu kama ninaruhusiwa."

Ndiyo sababu kidole hakikuona shimo. Mkono wa Sista ni mwepesi.

Mama alicheka, akataka kuirudisha kadi kwenye trei. Foleni ilikuwa imeanza. Sista akaishikilia. Akamwambia fundi wa kompyuta akae dirishani, fundi akasema hajui lolote kuhusu wagonjwa, akaambiwa aandike majina na aache ujuaji. Kisha Sista akavuta ile stuli ya wagonjwa.

"Mama, kaa."

"Nina kazi, mwanangu."

"Kaa, Mama."

Akakaa. Sista akasoma kadi kwa sauti ya chini. "Mwezi wa pili, mgongo. Mwezi wa nne, mgongo. Mwezi wa sita, mgongo. Mara zote tatu tumekupa vidonge ukarudi dirishani. Na kingine?"

"Mgongo tu. Ni uzee."

Sista akachukua penseli ya Mama, akachukua kichongeo cha Mama, akaanza kuchonga.

Maneno yaliyofuata nimeyaandika kwa ruhusa. Mama ameusoma wasifu huu kabla haujapelekwa kuchapwa, akafuta sentensi mbili, akaacha hizi. Alisema kwamba mume wake, ambaye alikuwa fundi seremala na sisi tunamwita Mzee ingawa wengi hatujawahi kumwona, alipata kiharusi miezi ishirini iliyopita. Upande mmoja haufanyi kazi. Kila asubuhi kabla ya kuja kazini Mama humwinua kitandani, humwogesha, humkalisha kitini karibu na dirisha, na jioni humrudisha. Ni mtu mkubwa. Watoto wao wako mbali, kila mmoja na yake, naye amewaambia baba yao anaendelea vizuri. Hakumwambia mtu hapa kazini. Sista alimuuliza kwa nini, yeye anayewauliza watu wote.

"Mtu akishaulizwa, anakuwa mgonjwa," Mama alisema. "Na mimi sikuwa na nafasi ya kuugua."

Nilikuwa nimeshika trei na sikujua niiweke wapi. Miezi minne nimekaa hatua moja kutoka kwake. Nimemletea chai, nimechonga penseli zake, nimefuta kadi yake mwenyewe kwa mkono wangu. Sikumuuliza hata siku moja.

Yaliyofuata yalikwenda haraka, kama mambo yanavyokwenda hapa mtu anapokuwa na kadi mkononi. Mama alipigwa picha ya mgongo mchana ule ule. Mtaalamu wa viungo, ambaye huja kwetu Jumanne, alimwonyesha namna ya kumwinua mtu bila kubeba uzito kwa kiuno, akamtumia daktari mkuu kama mgonjwa. Daktari mkuu alilegeza mwili wote barabara, akapongezwa kwamba hajawahi kufanya kazi vizuri hivyo. Baadaye nilimwona ofisini kwake amekaa na hotuba aliyoiandaa kwa ajili ya Ijumaa. Ilikuwa na neno "kupumzika" mara saba. Alikuwa akiyakata moja moja.

Naeleza pia yale ambayo hayajatengemaa, kwa kuwa Mama hapendi ripoti za kupendezesha. Kati ya wale arobaini, hadi ninapoandika wameshaitwa na kusikilizwa kumi na saba. Wanabaki ishirini na watatu, na kadi zao zina nukta. Mashine imepangwa isizihesabu kama uchafu, lakini kwenye kompyuta hakuna mahali pa nukta. Fundi anasema anaweza kuweka kisanduku kidogo, ila kitahitaji jina, na jina litaonekana na kila mtu, na hapo tunarudi kwenye yale yale ya orodha. Bado anafikiri. Kadi hazitachomwa. Sista amekabidhiwa penseli, kwa sharti la kukandamiza. Karani mpya anaanza Jumatatu, na kusema kweli hatujui kama ataweza kukaa kimya kwa muda wa kuchonga penseli moja huku watu sitini wakimtazama. Mama mwenyewe anasema ilimchukua miaka sita kujifunza.

Mstaafu wa chuo hiki huagwa kwa saa ya ukutani, na saa ya Mama imeshanunuliwa, itatolewa Ijumaa kwenye ukumbi mdogo baada ya dirisha kufungwa. Wote mnakaribishwa. Lakini tangu jana, kwenye ubao wa zamu uliopo nyuma ya mlango wa chumba cha sindano, chini ya Sindano, Vidonda, Maabara na Usiku, kuna mstari mpya ulioandikwa kwa mwandiko wa daktari mkuu, ambao kwa mara ya kwanza unasomeka. Umeandikwa: Kwa Mzee, asubuhi. Jumatatu ni Sista. Jumanne ni mtaalamu wa viungo, kabla hajafika kwetu. Alhamisi ni fundi wa kompyuta, ambaye alisema amezoea kunyanyua mashine zisizosaidia kujinyanyua. Ijumaa ni daktari mkuu mwenyewe. Mama aliuona ubao huo akiwa anapita na trei, akasimama, akasoma mpaka mwisho. Alitafuta kichongeo mfukoni. Hakuwa na penseli.

Mama, kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya wanafunzi wa miaka thelathini na tatu waliofika dirishani wakasema kichwa, wakasema tumbo, wakasema hakuna kingine, kisha wakakisema: asante. Asante kwa muda uliowapa wakati hukuwa nao. Nisamehe kwa kifutio. Hatukutakii mapumziko, kwa kuwa sasa tunajua unakokwenda na kazi inayokungoja huko. Tunakutakia mgongo usiouma, na Mzee mwenye nafuu, na siku ambazo mtu mwingine anabisha hodi kwanza.

Na kingine: Jumatano ni zamu yangu. Nitafika saa moja kamili. Tafadhali, usimwinue kabla sijafika.